Peni Isiyowahi Kununua Mkate

Mwaka 1970 wezi walilifikia jiwe la msingi la kanisa la St Cross, mtaa wa Middleton mjini Leeds, wakaondoka na kilichokuwa kimewekwa chini yake. Hawakufuata kikombe cha altare wala vinara vya fedha. Walifuata peni moja ya shaba, yenye sura ya Mfalme George wa Tano upande mmoja na tarakimu 1933 upande wa pili. Habari zilipomfikia Askofu wa Ripon, aliyesimamia makanisa ya eneo hilo, alikumbuka kwamba kanisa jingine lililo chini yake, St Mary's la Hawksworth Wood, nalo lilikuwa limekalia peni ya namna hiyo hiyo. Akaagiza ifukuliwe na kuuzwa kabla mtu mwenye nyundo na tamaa hajaifikia. Mwaka 1972 ikapelekwa mnadani.

Sababu ya peni ya 1933 kuwa adimu haina fahari yoyote. Mwaka huo benki za Uingereza zilikuwa na peni za kutosha, na Royal Mint, kiwanda cha serikali cha kufua sarafu, hakikuona haja ya kuongeza nyingine. Lakini palikuwa na desturi kwamba jengo la heshima likiwekewa jiwe la msingi, sarafu za mwaka ule huwekwa chini yake. Kwa ajili ya desturi hiyo na kwa ajili ya makumbusho zikafuliwa peni chache sana. Kwa kawaida zinazojulikana huhesabiwa saba. Moja iliwekwa chini ya jengo la Chuo Kikuu cha London, na aliyeweka jiwe ni mfalme mwenyewe. Baadaye, habari ilipoenea, Waingereza wa kawaida walipekua chenji zao kwa miaka mingi wakiitafuta, wakaambulia za 1932 na 1934.

Siku ilipozikwa, peni ile ilikuwa sehemu moja ya 240 ya pauni. Waliomwekea Mungu sadaka ile hawakuwa wamejinyima chochote, wala hawakuwa wamekusudia kumwekea hazina. Walitaka tu kuacha alama ya mwaka. Kisha soko likageuza alama ikawa mali, na askofu akajikuta na swali ambalo waliojenga kanisa hawakumwachia jibu lake. Je, kitu kilichotolewa kwa Mungu kikiwa hakina thamani, kinabaki chake kinapopata thamani? Au thamani mpya ni ya waumini walio hai, wenye paa linalovuja na shule ya Jumapili isiyo na madawati?

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatapata shida kuliona swali hilo, kwa kuwa ni swali la wakfu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mali ya wakfu haiuzwi hata kama bei ni nono. Hata hivyo wanazuoni wa madhehebu hayo hayo walikubali, katika kauli iliyopewa nguvu zaidi, kwamba mikeka ya msikiti iliyochakaa na boriti zilizovunjika zinaweza kuuzwa, fedha zake zikarudi msikitini. Ruhusa inakuja kitu kinapokwisha manufaa. Peni ya Hawksworth Wood ilikuwa kinyume cha mkeka uliochakaa, kwani thamani yake ndiyo iliyozidi mno. Askofu aliitoa ardhini kwa kuogopa kwamba itawavuta wezi wavunje nyumba ya ibada, na hoja hiyo ina uzito. Mlinzi wa amana halazimiki kuiacha amana mahali inapohatarisha amana kubwa zaidi. Lakini ni vizuri kukiri kwamba kilichohamishwa siku ile kilikuwa zaidi ya kipande cha shaba. Kanisa lilikubali kwamba mwenye kusema peni ile ni nini hasa ni mnada.

Na mnada una tabia moja ambayo haizungumzwi sana. Hulipa zaidi kwa sarafu ambazo hazikufanya kazi.

Mfalme Edward wa Nane alitawala kuanzia Januari 1936 hadi tarehe 11 Desemba mwaka huo huo, alipoacha kiti cha enzi ili amwoe Wallis Simpson. Royal Mint ilikuwa imeshaandaa sarafu zake za kutolewa mwanzoni mwa 1937, hata ugomvi juu ya upande wa uso wake ulikuwa umekwisha: desturi ilitaka atazame kulia, yeye akashikilia kutazama kushoto, kwa kuwa aliamini upande huo ndio unaompendeza. Sarafu hizo hazikutolewa. Zilibaki chache za majaribio, na Januari 2020 pauni moja ya dhahabu kati yake ilinunuliwa na mkusanyaji binafsi kwa pauni milioni moja. Dhahabu iliyomo ndani yake ni gramu 7.32, sawa na ya pauni nyingine yoyote ya dhahabu ya aina hiyo.

Wakati huo huo, mfalme yule yule ana sarafu nyingine za mwaka 1936 ambazo zilifanya kazi kweli kweli, na zilifanya kazi huku kwetu. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka ule zina jina lake kwa Kilatini. Ziliwezekana kwa sababu hazikuhitaji uso wa mfalme: katikati zina tundu, juu ya tundu pana taji, na jina limezunguka pembeni. Kwa hiyo mafundi hawakusubiri picha ikubaliwe. Zilifuliwa kwa mamilioni. Zilinunua chumvi, mafuta ya taa na viberiti kuanzia Mombasa hadi Kampala na Tabora, zikatungwa kwenye kamba, zikafungwa kwenye pindo la kanga. Leo mtandaoni mtu huipata moja kwa pauni chache, na muuzaji akiwa na haraka, kwa chini ya hapo.

Mfalme ni mmoja na mwaka wa kutawala ni mmoja. Sarafu iliyotumiwa na maelfu ya watu ina bei ya kikombe cha chai na maandazi, na ile ambayo haikuwahi kumnunulia mtu hata mkate ina bei ya majumba. Mchumi atasema ni uhaba tu, na atakuwa amesema kweli. Lakini uhaba unaeleza kwa nini bei ni kubwa. Hauelezi kwa nini watu wanatamani kile kilicho haba.

Lugha yenyewe ya wakusanyaji inaonyesha mwelekeo wa tamaa hiyo. Sarafu hupangwa kwa madaraja kulingana na kiasi zilivyochakaa, na kampuni za Marekani zinazozikagua huzipa alama kuanzia 1 hadi 70, kisha huzifungia ndani ya kasha gumu la plastiki ili mkono wa mtu usiziguse tena. Alama za juu kabisa ni za sarafu isiyo na kovu wala ukungu wa vidole, iliyotoka kiwandani ikalala. Kila mtu aliyewahi kuishika, kila kaunta iliyogongwa nayo, ni hasara. Ukiitazama hivyo, biashara nzima ni ibada ya usafi, na kilicho najisi ndani yake ni matumizi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, angeshangaa. Katika Ihya Ulumuddin, kwenye mlango wa kushukuru, alieleza kwamba dinari na dirhamu hazina faida ndani ya nafsi zake. Alizifananisha na kioo, ambacho hakina rangi yake lakini huonyesha rangi zote, na pia na kadhi anayehukumu baina ya bidhaa ili ngamia na zafarani viweze kupimwa pamoja. Anayezificha fedha, kwa maoni yake, ni kama aliyemfunga kadhi gerezani hata watu wakakosa wa kuwahukumia. Hukumu hiyo ni kali, na mtu anaweza kuigeuzia kila kabati la mkusanyaji mjini London.

Ila ingekuwa kumwonea mkusanyaji. Peni za zamani zilikoma kuwa fedha ya Uingereza mwaka 1971, nchi hiyo ilipoacha hesabu ya peni 240 na kuingia kwenye mia. Anayezihifadhi leo hamnyimi mtu chenji. Kadhi huyo amekwisha kustaafu. Lawama ya kuficha mali, ambayo Qur'ani inaitaja kwa ukali katika Sura At-Tawba na ambayo Injili nayo inaigusa kwa mfano wa mtumishi aliyeifukia talanta ardhini, haimpati kwa urahisi. Dhahabu ndiyo yenye hesabu yake. Nisabu ya zaka ya dhahabu hukadiriwa kuwa gramu 85, kwa hiyo mwenye pauni kumi na moja za dhahabu yuko chini ya kiwango, na ya kumi na mbili inamvusha. Kwa yule asiyefanya biashara, kinachoangaliwa kwa kawaida ni dhahabu yenyewe. Pauni ya mwaka 1917 iliyofuliwa London, ambayo ni adimu na huuzwa kwa maelfu, mbele ya mzani ni ndugu wa pauni yoyote. Mfanyabiashara wa sarafu hali yake ni nyingine, kwa kuwa bidhaa huhesabiwa kwa bei ya soko. Na kwa kuwa dhahabu kwa fedha huhitaji makabidhiano ya papo kwa papo, Mwislamu anayebonyeza kitufe cha kununua pauni ya dhahabu itakayofika kwa posta baada ya wiki mbili ana jambo la kumuuliza shekhe wake kabla ya kumuuliza tarishi.

Kuna sarafu moja ya Kiingereza inayoupinga utaratibu wote wa madaraja, na inafaa kutazamwa kwa karibu. Inaitwa angel. Ilianzishwa mwaka 1465 enzi za Edward wa Nne, ikiwa na thamani ya shilingi sita na peni nane, na iliendelea kufuliwa hadi siku za Charles wa Kwanza. Ni kipande chembamba cha dhahabu, kipana kuliko shilingi lakini chepesi mkononi, kama gramu tano. Upande mmoja Malaika Mikaeli amesimama juu ya joka, mabawa yamepanuka, mkuki umeshuka moja kwa moja hadi kinywani mwa mnyama. Upande wa pili pana merikebu yenye msalaba mahali pa mlingoti, na kwenye zile za kale maandishi yaliyoizunguka ni dua ya kuomba wokovu kwa Kristo kupitia msalaba wake.

Angel nyingi zilizofika siku zetu zimetobolewa. Mtu asiyejua hudhani ni uharibifu wa sonara. Ukweli ni kwamba wafalme wa Uingereza waliaminika kuponya kwa kuwagusa wagonjwa wa uvimbe wa tezi za shingoni, maradhi yaliyoitwa uovu wa mfalme. Mgonjwa aliletwa, akaguswa, akasomewa, na mfalme akamvika shingoni angel iliyotungwa kwenye utepe. Baada ya angel kuacha kufuliwa, zilitengenezwa nishani ndogo kwa kazi hiyo hiyo. Charles wa Pili aligusa makumi ya maelfu ya watu. Wa mwisho kufanya hivyo huko Uingereza alikuwa Malkia Anne, na miongoni mwa waliofikishwa kwake mwaka 1712 alikuwemo mtoto mdogo aliyeitwa Samuel Johnson, ambaye baadaye aliandika kamusi maarufu ya Kiingereza. Hakupona. Hata hivyo aliivaa nishani yake hadi kufa, na leo iko British Museum.

Mnadani, tundu lile linapunguza bei. Katalogi huandika kwa adabu kwamba sarafu imetobolewa, au, ikiwa mtu ameliziba kwa dhahabu, kwamba imekarabatiwa. Kuna wenye sarafu walioyaziba matundu hayo kwa makusudi ili zipande daraja. Hebu tufikirie jambo lililofanyika hapo. Tundu ndilo ushahidi pekee kwamba mama fulani alimbeba mwanawe hadi mbele ya mfalme akiamini. Pengine ukingo wa tundu umelainika kwa miaka ya utepe kusugua. Ushahidi huo ukifutwa, mmiliki anapongezwa kwa kuirudishia sarafu uzuri wake, na soko linamlipa kwa kuisahaulisha. Kwa maoni ya mwandishi huyu hiyo ni aina ya uongo, hata kama kila neno kwenye katalogi ni la kweli.

Imani haikuishia kwenye matundu. Sarafu za Uingereza zimekuwa uwanja wa mabishano ya dini tangu zamani. Baada ya Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, Bunge lilifua sarafu za Kiingereza kitupu, upande mmoja zikiitaja Jumuiya ya Uingereza na upande wa pili zikisema Mungu yu pamoja nasi. Wafuasi wa mfalme wakacheka kwamba basi Mungu na Jumuiya wako pande mbili zisizoonana. Miaka 200 baadaye, mwaka 1849, ilitoka florini mpya ya fedha, na wenye macho wakagundua kwamba maneno ya Kilatini yanayosema Victoria ni malkia kwa neema ya Mungu hayapo. Pakazuka kelele. Mkuu wa Royal Mint wakati huo, Richard Lalor Sheil, alikuwa Mkatoliki, na wako waliomtuhumu kwa hilo; wengine waliuhusisha na neema iliyokosekana hata mlipuko wa kipindupindu wa mwaka ule. Florini zilizofuata zikarudishiwa neema yake, kwa kifupisho.

Halafu kuna ajabu kubwa kuliko zote. British Museum ina dinari ya dhahabu ya Mfalme Offa wa Mercia, aliyetawala sehemu kubwa ya Uingereza katika karne ya nane. Fundi wake aliiga dinari ya Khalifa al-Mansur wa Baghdad, ya mwaka 157 wa Hijra, yaani 773 au 774. Aliiga hata asichoweza kukisoma. Kwa hiyo jina la mfalme Mkristo, OFFA REX, limekaa katikati ya maneno ya Kiarabu yanayomtaja Muhammad kuwa mtume wa Mungu, tena juu chini ukilinganisha na Kiarabu chenyewe. Ingekuwa sarafu safi isiyo na dosari, pengine ingekuwa nakala tu. Makosa ya fundi ndiyo yanayosema kwamba dhahabu ya Waislamu iliaminiwa kiasi cha kuigwa na watu wasiojua imeandikwa nini.

Turudi kwenye nyundo ya mnadi. Mnada wenyewe hauna doa katika dini. Katika Sunan ya Abu Dawud imesimuliwa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba mtu mmoja wa Ansari alikuja kwa Mtume kuomba, naye akaulizwa nyumbani ana nini. Alikuwa na kitambaa na bakuli. Vikaletwa, Mtume akavinadi, mmoja akatoa dirhamu moja, mwingine akapanda hadi mbili, na fedha zikamnunulia yule mtu chakula na shoka la kukatia kuni. Kilichokatazwa ni kupandisha dau bila nia ya kununua, kwa lengo la kumtia moto mwenzio. Wanafiqhi huliita jambo hilo najshi. Mtandaoni, ambako mzabuni ni jina la kubuni tu, muuzaji anaweza kumwomba shemeji yake apande dau mara mbili tatu na hakuna atakayemwona. Sheria ya Uingereza nayo inalihesabu kuwa udanganyifu.

Mgeni wa minada hushtuliwa pia na hesabu. Septemba 2021 mtu mwenye kifaa cha kutafutia vyuma ardhini alipata shambani huko Devon peni ya dhahabu ya Henry wa Tatu, ya mwaka 1257 hivi, aina ambayo zilizobaki ni nane tu. Januari 2022 nyundo iligongwa kwa pauni 540,000. Mnunuzi alilipa 648,000, kwa sababu nyumba ya mnada humtoza mnunuzi kamisheni, na hapo ilikuwa asilimia 20. Mfano huo ni wa matajiri, lakini kanuni ni ile ile kwa anayewania shilingi ya Victoria kwa pauni 30: dau lako si bei yako, na posta na ushuru wa forodha bado.

Swali zito zaidi la maadili haliko kwa muuzaji mjanja. Liko kwa mnunuzi anayejua. Chukua nusu kroni ya Edward wa Saba ya mwaka 1905. Ni fedha ya gramu 14 na kidogo, na za mwaka ule zilifuliwa takriban 166,000 tu, idadi ndogo sana kwa sarafu ya matumizi. Mjane anafungua kopo la marehemu mumewe, anaweka picha mtandaoni akiziuza zote kwa bei ya fedha chakavu. Mtu mmoja mwenye macho makali anaiona 1905 katikati ya lundo. Ananyamaza, ananunua, siku hiyo hiyo anajisifu kwa wenzake. Katika mila ya wakusanyaji huo ni ushindi, na hadithi za namna hiyo ndizo zinazosimuliwa kwa furaha zaidi.

Thomas Aquinas alilijadili karibu jambo hilo hilo katika karne ya 13, ndani ya Summa Theologiae. Alisema muuzaji akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akalijua kosa hilo, mnunuzi ananunua kwa dhuluma na analazimika kurudisha. Alisema pia kwamba muuzaji ana haki ya kudai zaidi ikiwa kuachana na kitu kunampa hasara, lakini hana haki ya kumtoza mnunuzi kwa sababu tu mnunuzi anakihitaji sana. Haja hiyo si mali ya muuzaji, hivyo hawezi kuiuza. Kauli ya pili ikifuatwa, nusu ya maduka ya sarafu yangefungwa, maana biashara yao ni kujua nani amebakiza mwaka mmoja kukamilisha mfululizo wake. Soko la leo halimsikilizi Aquinas hapo, na pengine halina budi, kwa sababu mnadani anayeiweka bei ni mshindani wa mnunuzi, muuzaji amekaa kimya. Lakini kauli ya kwanza inasimama. Utetezi wa kawaida, kwamba mjane angeweza kutafuta mwenyewe mtandaoni, hautoshi. Tunamtetea mwenye nguvu kwa uzembe wa asiye na nguvu. Mkusanyaji muungwana angemwandikia mstari mmoja kwamba mama, ile ya 1905 itoe, iuze peke yake. Wapo wanaofanya hivyo, na nusu kroni ile bado wanaipata kwa bei ya haki. (Angalau wahakikishe ni ya kweli, kwani 1905 hughushiwa sana.)

Yote haya ni madogo ukiyaweka karibu na mkasa wa Herefordshire. Mwaka 2015, karibu na Leominster, wanaume wawili wenye vifaa vya kutafutia vyuma walifukua hazina ya enzi za Waviking: mapambo ya dhahabu, vipande vya fedha, na sarafu zinazokadiriwa kuwa kama 300. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 iliwataka watoe taarifa ndani ya siku 14. Hawakutoa. Sarafu ziliuzwa kimyakimya, na polisi walizipata chache tu, kama sehemu moja ya kumi. Wahusika walifungwa mwaka 2019. Miongoni mwa zilizopatikana mna sarafu zenye watawala wawili wameketi bega kwa bega, ushahidi wa ushirikiano kati ya Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Pili wa Mercia, mtu ambaye maandishi ya upande wa Wessex yalimdharau kama kibaraka asiye na akili. Peni chache zilimtetea mfalme aliyesingiziwa kwa zaidi ya miaka 1,100. Zile nyingine zingesema nini, hakuna ajuaye, kwa sababu zimetawanyika kwa wanunuzi ambao hawakuuliza zimetoka wapi.

Hapo ndipo lilipo kosa la kweli la ukusanyaji, na halipo kwenye kuhifadhi. Sarafu ikikoma kuwa fedha inabaki kuwa shahidi. Mkusanyaji anayelipa kwa usafi na uchache, asiyeuliza ilikotoka, ananunua shahidi aliyekatwa ulimi. Anayenunua angel yenye tundu, au peni iliyolika hadi sura ya malkia imebaki kivuli, akaandika ilipatikana wapi na kwa nani, ameweka akiba ya kitu ambacho Ghazali hakukizungumzia, kwa kuwa siku zake dinari zilikuwa bado kazini. Bei isimdanganye. Kwamba soko linazitupa chini sarafu zilizofanya kazi ni bahati kwa mtu mwenye kipato cha kawaida: historia iliyo nono zaidi ndiyo iliyo rahisi zaidi kununua.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asianze na kasha la plastiki lenye alama 65. Amwulize muuzaji maswali mawili kabla ya kutoa dau, imetoka wapi na imewahi kusafishwa, na akijibiwa kwa ubabaishaji aondoke. Karatasi iliyokuja na sarafu aitunze pamoja nayo. Na wewe msomaji, kama bibi yako aliacha kopo la vifungo na senti zenye matundu, zimwage mezani na usome pembeni. Ukiliona jina EDWARDVS VIII na mwaka 1936, usiisugue kwa majivu wala ndimu. Mwulize mzee aliyebaki nyumbani ilikuwa ikinunua nini, uandike alichosema, na uiweke na maandishi hayo.